Tathmini: Huduma ya maandalizi kwa wachambuzi wanaohama kutoka benki ndogo za uwekezaji kwenda benki kubwa za London

Huduma ninayoitathmini hapa inauzwa jijini London kwa wachambuzi wa benki ndogo za uwekezaji, yaani zile zinazozishauri kampuni katika kuuzwa, kununuana na kutafuta mtaji, wanaotaka kuhamia zile za daraja la juu, yaani Goldman Sachs, Morgan Stanley, JPMorgan na wenzao, pamoja na kampuni za ushauri zenye heshima inayokaribiana nazo kama Lazard, Evercore na Centerview. Mteja hulipa ada moja, inayozidi kodi ya mwezi mzima ya chumba katika jiji hilo, na kwa ada hiyo hupewa masomo ya video kuhusu modeli za fedha (majedwali ya kukokotoa matokeo na thamani ya kampuni), uhariri wa wasifu wake, usaili wa majaribio na watu waliowahi kufanya kazi ndani ya benki hizo, na ushauri mpaka atakaposaini mkataba mpya. Niliitumia nikiwa katika benki ndogo iliyojihusisha na uuzaji wa kampuni za ukubwa wa kati, na sasa nafanya kazi katika mojawapo ya benki kubwa. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa yapo mambo ninayoilaumu, na pia kwa kuwa huduma za aina hii zinafanana sana: msomaji akishajua nini cha kupima, ataweza kuipima yoyote atakayokutana nayo, iwe London, New York au Dubai.

Kwanza nieleze kwa nini soko la huduma kama hii lipo. Benki kubwa hujaza nafasi nyingi za wachambuzi kwa kuwachukua wanafunzi waliofanya mafunzo ya kazi kwao wakati wa kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa chuo, na maombi ya mafunzo hayo hufunguliwa mapema mno, kiasi kwamba kijana aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, au hata aliyesoma Uingereza lakini hakuwa na wa kumwelekeza, huja kugundua kwamba mlango umeshafungwa. Mlango wa pili hufunguka baadaye. Wachambuzi wengi wa benki kubwa huondoka baada ya mwaka mmoja au miwili kwenda kwenye mifuko inayonunua kampuni, na nafasi wanazoziacha haziwezi kumsubiri mhitimu anayehitaji kufundishwa tangu mwanzo. Benki humtaka mtu aliyekwisha kujenga modeli, aliyekwisha kuandaa waraka wa mauzo ya kampuni, na ambaye akipewa kazi Ijumaa jioni anajua aanzie wapi. Mtu huyo mara nyingi yumo katika benki ndogo, na msimu wa kumtafuta hupamba moto punde tu bonasi zinapolipwa, kwa sababu hakuna anayependa kuondoka kabla ya kupokea jasho lake la mwaka mzima.

Masomo ya video ni mazuri, nami nayasifu bila kusita. Mwalimu haanzi na fomula za Excel, bali anaanza na namna taarifa tatu za fedha (ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha, na mizania) zinavyoshikana, na kwa muda mrefu hamruhusu mwanafunzi kugusa kompyuta mpaka aweze kuzieleza kwa mdomo. Mfano wake mkuu ni swali ambalo karibu kila msailiwa wa fani hii hukutana nalo: gharama ya uchakavu, yaani kupungua kwa thamani ya mali kama mitambo kadiri inavyotumika, ikiongezeka kwa 10, kitatokea nini? Kwa kiwango cha kodi cha asilimia 25, ambacho ndicho kiwango kikuu cha kodi ya kampuni nchini Uingereza tangu Aprili 2023, faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inashuka kwa 2.5, na faida halisi inashuka kwa 7.5. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha tunaanza na pungufu hilo la 7.5, kisha tunarudisha 10 kwa kuwa uchakavu si fedha iliyotoka, hivyo fedha taslimu inaongezeka kwa 2.5. Kwenye mizania, fedha imepanda kwa 2.5 na mali za kudumu zimeshuka kwa 10, kwa hiyo upande wa mali umepungua kwa 7.5, na upande wa pili faida limbikizi imepungua kwa 7.5 vilevile. Mwalimu anaurudia mnyororo huu kwa mapato yaliyokopeshwa, kwa bidhaa zilizoharibika ghalani na kwa mkopo mpya, hadi mwanafunzi anaacha kukariri na kuanza kuona.

Hata hivyo, masomo hayo yametengenezwa kwa ajili ya Marekani na yanauzwa London bila kurekebishwa, na hilo lina gharama yake. Katika mfano huohuo wa uchakavu, mwalimu hasemi kwamba nchini Uingereza mamlaka ya kodi haiutambui uchakavu wa kihasibu, bali hutumia posho za mtaji, yaani makato ya kodi kwa mali zilizonunuliwa, zinazokokotolewa kwa kanuni zake yenyewe, na kwa hiyo jibu lile ni sahihi pale tu tunapochukulia kwamba uchakavu unapunguza kodi. Msaili makini wa London hufurahi sana mgombea anapolitaja sharti hilo kabla ya kuulizwa. Suala la pango ni zito zaidi. Tangu mwaka 2019, kanuni ya IFRS 16 imezitaka kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa kuingiza mikataba mingi ya pango kwenye mizania, na gharama iliyokuwa ikiitwa kodi ya pango sasa hugawanywa kuwa uchakavu na riba. Matokeo yake ni kwamba faida kabla ya riba, kodi na uchakavu inaonekana kubwa kuliko ya kampuni ya Marekani yenye maduka yaleyale na kodi ileile ya pango, kwa kuwa kanuni za Marekani huiacha gharama ya pango la kawaida ndani ya gharama za uendeshaji. Anayelinganisha thamani ya mnyororo wa maduka wa Uingereza na ule wa Marekani bila kusawazisha tofauti hiyo atatoa jibu lisilo na maana, na ni jambo linaloulizwa. Katika masomo yote halikuguswa.

Sehemu iliyoistahiki ada yote, kwa maoni yangu, ni usaili wa majaribio. Nilipangiwa mwanamke aliyefikia cheo cha mkurugenzi katika benki kubwa kabla ya kuacha kazi, na alitumia muda wake wote katika jambo ambalo masomo ya video yalilipitia haraka: kunihoji kuhusu miamala niliyoifanya mimi mwenyewe. Hilo ndilo linalomtofautisha anayehama na mhitimu mpya. Mhitimu huulizwa maswali ya darasani, lakini anayehama huulizwa alichofanya, na huulizwa mpaka ifike mahali hana jibu. Nilimweleza kuhusu kampuni ya familia tuliyoiuza, ambayo tarakimu zake nimezibadilisha hapa ili kulinda siri ya mteja. Alitaka kujua kwa nini mnunuzi alilipa mara tisa ya faida ya uendeshaji ilhali kampuni za namna hiyo huuzwa kwa mara saba. Nilipojibu kwamba kulikuwa na ushindani kati ya wanunuzi, hakuridhika. Aliniuliza ni wanunuzi wangapi waliobaki katika duru ya mwisho, nani alijitoa na kwa sababu gani, faida ile ya uendeshaji ilikuwa ya miezi ipi, na ni gharama zipi tulizoziongeza juu yake tukidai kwamba hazitajirudia. Hapo ndipo mazungumzo yalipokolea, kwa sababu gharama hizo nilikuwa nimezichambua kwa mikono yangu: mshahara wa mwenye kampuni uliozidi wa soko, magari ya familia yaliyoandikwa katika vitabu vya kampuni, kesi iliyokwisha mahakamani. Aliniambia kinagaubaga kwamba mchambuzi wa benki kubwa anaweza kumaliza mwaka bila kukaa na mwenye kampuni na kubishana naye kuhusu bei ya gari lake, na kwamba nilikuwa nimeyaficha mambo haya chini ya orodha ya fomula ninazozijua.

Nakubaliana naye kabisa, na hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko lolote jingine katika tathmini hii. Mtaji wa anayetoka benki ndogo ni ukaribu wake na kazi. Katika timu ya watu watatu, mchambuzi hujenga modeli, huandika waraka wa mauzo, husimamia chumba cha nyaraka ambamo wanunuzi husoma hati za kampuni, hujibu maswali ya wanasheria wa mnunuzi na husikia simu ya mwisho ya bei. Nyaraka za maandishi za huduma hii, kinyume chake, zinamfundisha mteja kuona haya kuhusu benki yake: zinamshauri atangulize muamala wenye thamani kubwa kuliko yote hata kama mchango wake ulikuwa mdogo, na zinampa sentensi za kukariri kuhusu ukubwa wa jukwaa na wigo wa kimataifa. Msaili anayesikia sentensi hizo kila wiki huzitambua mara moja. Anayetia chumvi kuhusu muamala asioujua hukamatwa katika swali la pili au la tatu, wakati yule anayeeleza muamala mdogo kwa undani humfanya msaili asogeze kiti karibu.

Wasomaji wa Kenya wana mfano wa karibu wa kulifikiria jambo hili. Serikali ilipouza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma mwaka 2008, kwa shilingi 5 kwa hisa, washauri wakuu walikuwa Dyer & Blair ya Nairobi na Morgan Stanley. Majina yote mawili yalikaa kwenye muamala mmoja. Mtu aliyekaa upande wa Nairobi wa kazi ya namna hiyo, akijua maombi ya wanunuzi wadogo yanavyopokelewa na maswali ya mdhibiti yanavyojibiwa, ana mambo ya kusimulia ambayo mwenzake wa London hakuyaona, mradi tu asiyasimulie kana kwamba alikuwa amekaa London.

Sasa nifike kwenye yale yaliyonikasirisha. Mhariri wa wasifu, ambaye ni mtu tofauti na yule mkurugenzi wa zamani, alinitaka niandike majina ya wateja ambao miamala yao ilikuwa haijatangazwa, kisha akaniomba modeli niliyoijenga kazini ili aitathmini. Nilikataa, na ningependa kila mchambuzi kijana akatae. Faili la modeli ni mali ya benki na ndani yake mna siri za mteja. Anayelituma nje, hata kwa nia ya kujifunza, anaweza kufukuzwa kazi, na nchini Uingereza jambo hilo halibaki katika ofisi moja: chini ya mfumo wa udhibiti wa maofisa na vyeti, mwajiri mpya anapomwajiri mtu katika nafasi zinazodhibitiwa, huomba barua ya kiudhibiti inayogusa miaka sita iliyopita na kueleza makosa ya kinidhamu. Taarifa kuhusu muamala usiotangazwa wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa ni hatari zaidi, kwani kuitoa isivyo halali ni kosa. Njia sahihi ni rahisi: andika sekta, aina ya muamala na ukubwa wa takriban bila jina, na kama unataka kuonyesha uwezo wako wa modeli, jenga nyingine mpya kwa kutumia taarifa za kampuni iliyoorodheshwa ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Mtoa huduma anayechukua ada kubwa kiasi hiki alipaswa kulijua jambo hili kabla yangu.

Malalamiko ya pili yanahusu kifurushi cha ziada kilichouzwa kwa ahadi ya kumtambulisha mteja kwa mawakala wa ajira. Mawakala wa fani hii hulipwa na benki inayoajiri, kwa sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza, na sheria ya Uingereza ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza, isipokuwa katika nafasi chache za kipekee, kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Mafunzo na uhariri wa wasifu vinaweza kutozwa, lakini kumlipisha mtu ili apelekwe kwa wakala ambaye angempokea bure ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Mawakala hawa wenyewe huwatafuta wachambuzi, na aliyefanya kazi vizuri kwa mwaka mmoja atapigiwa simu bila kulipa senti. Zaidi ya hapo, kwa wengi ninaowafahamu waliohama, aliyefungua mlango alikuwa mfanyakazi mwenzao wa zamani aliyetangulia, au mwanasheria au mhasibu waliyekaa naye upande mmoja wa muamala.

Kuhusu ushauri wa mkataba, huduma hii inasema maneno machache sana, na ndipo nilipoihitaji zaidi. Anayehama kwenda benki kubwa mara nyingi huombwa kushuka ngazi, kwa mfano mchambuzi wa mwaka wa pili kuanza upya kama wa mwaka wa kwanza, na jambo hilo hugusa mshahara, bonasi na tarehe ya kupandishwa cheo kuwa asosieti, ngazi inayofuata baada ya mchambuzi. Inafaa kulijadili kabla ya kusaini, kwa maandishi, pamoja na swali la bonasi ya mwaka unaokatizwa: nani atailipa, na kama mwajiri mpya anatoa fedha ya kuanzia, itarudishwa kwa masharti gani ukiondoka mapema. Muda wa notisi nao si wa kupuuzwa, kwa kuwa London mchambuzi anaweza kudaiwa mwezi mmoja au mitatu, na akalazimika kukaa nyumbani kipindi hicho akiwa bado anafungwa na mkataba wa zamani. Kwa Mwafrika Mashariki asiye na uraia wala ukaazi wa kudumu, kubwa kuliko yote ni viza. Mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi nchini Uingereza anayebadili mwajiri lazima apate udhamini mpya na kuomba upya, na haruhusiwi kuanza kazi mpya mpaka ombi likubaliwe, hivyo tarehe ya kuacha kazi na tarehe ya kuanza zinahitaji kupangwa kwa uangalifu mkubwa. Marekani utaratibu ni tofauti, kwa kuwa mwenye viza ya kazi ya H-1B kwa kawaida anaweza kuanza kazi pindi mwajiri mpya anapowasilisha ombi, lakini huko kuna mitihani ya leseni, SIE na Series 79, ambayo benki mpya itataka kujua kama umeifaulu. Hakuna lolote kati ya haya lililoelezwa. Nilipouliza kuhusu viza, nilielekezwa kwa mwanasheria wa nje, kwa ada nyingine.

Kuna jambo lingine katika nyaraka zao ninalolipinga, nalo ni jedwali la heshima linalozipanga benki kana kwamba safu hiyo haibadiliki. Bear Stearns ilikuwa jina kubwa Wall Street, na Machi 2008 iliuzwa kwa JPMorgan baada ya kuishiwa fedha katika siku chache. Lehman Brothers ilifilisika Septemba 15, 2008. Credit Suisse, ambayo vijana wengi waliikimbilia wakiitoka benki ndogo, ilinunuliwa na UBS mwaka 2023 kwa faranga bilioni 3 za Uswisi, na waliobaki ndani yake walianza kutafuta kazi upya. Mchambuzi anayehama anapaswa kuchunguza idara atakayoingia zaidi ya jina la benki: je, idara hiyo inafunga miamala au inatengeneza mawasilisho tu, wachambuzi wake huenda wapi wakiondoka, na mkuu wake amekaa muda gani? Anapaswa pia kuuliza kuhusu saa za kazi bila kuona aibu. Mwaka 2021 kundi la wachambuzi wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs lilieleza katika uchunguzi wao wenyewe kwamba walifanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki na kulala saa 5 kwa usiku; waraka huo ulivuja na kusomwa dunia nzima, na mwaka 2024 JPMorgan iliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, katika hali nyingi, kwa wafanyakazi wa ngazi ya chini wa benki yake ya uwekezaji. Mtu anayetoka benki ndogo anaweza kudhani kwamba ameshauzoea ugumu huo. Ugumu wenyewe hutofautiana, kwa sababu katika timu kubwa kazi hupitia mikono mingi na marekebisho hurudi usiku kutoka kwa watu wanne badala ya mmoja.

Pamoja na hayo, sijutii kuhama. Nimepata kuona mkopo, hati fungani na mauzo ya hisa vikipangwa na watu waliokaa ghorofa moja, jambo ambalo benki yangu ya kwanza haikuweza kunionyesha, na nimekuta wakubwa wanaosahihisha kazi kwa ukali unaofundisha. Nilichopoteza ni ile sauti ya mwenye kampuni kwenye simu, ambayo sasa humfikia mkuu wangu na kunifikia mimi ikiwa imefupishwa kwenye barua pepe.

Kwa alama, ningeyapa masomo ya video 7 kwa 10, usaili wa majaribio 9, uhariri wa wasifu 2, na ushauri wa mkataba 3. Anayefanya kazi tayari na kujenga modeli kila wiki hana haja ya kifurushi kizima. Awaulize watoa huduma kama wanauza usaili wa majaribio peke yake, kwani mimi niliuliza baada ya kumaliza nikajibiwa kwamba inawezekana ingawa tovuti yao haisemi. Aombe apangiwe mtu aliyefanya kazi katika idara ileile anayoilenga, ampelekee mapema maelezo ya kurasa mbili ya miamala miwili aliyoifahamu kwa undani, bila majina, na atumie muda wote kuhojiwa juu ya hiyo miwili. Aliyetoka fani nyingine, kwa mfano uhasibu au ukaguzi wa hesabu, atanufaika na masomo ya video pia, lakini ajitafutie mwenyewe mafunzo ya IFRS 16 na kanuni za posho za mtaji kabla ya kukaa mbele ya msaili wa London. Kifurushi cha mawakala kisinunuliwe na mtu yeyote.